Nguvu Niliyoipa Pikapu ya Nyangeta

Vijana wangu mnaoshika spana kuanzia Musoma mpaka Bunda, naomba mnitegee sikio kidogo. Najua hamna muda. Juzi nimepita kwenye gereji zenu nikaona mteja anaingia na pikapu kuukuu ya dizeli, anasema haina nguvu. Hajamaliza hata kueleza, fundi ameshaingiza kichwa chini ya boneti, bisibisi mkononi, anaitafuta skrubu ya pampu ya mafuta. Akaizungusha, gari likatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali, mteja akacheka, wakaagana. Nilisimama pale nimeshika kofia yangu, nikataka kusema, nikanyamaza. Nimekuwa mtu wa kunyamaza kwa miaka mingi na sitaki kufa hivyo.

Mimi ni Majura. Nimefanya kazi ya dizeli mpaka magoti yakagoma kuingia uvunguni mwa gari. Sasa nafuga kuku, ambao hawana pampu. Haya ninayowaambia yanahusu kuongeza nguvu kwenye pikapu ya zamani, na yanahusu jambo moja nililolifanya njiani kati ya Nyamuswa na Butiama. Hilo la pili ndilo zito, lakini bila la kwanza hamtalielewa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Wambura wa Nyamuswa. Alikuwa fundi mkuu kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba kule Bunda, miaka ile ya shida, wakati duka lilikuwa na rafu na mwenye duka tu. Sabuni hakuna, sukari hakuna, sembuse gasketi. Gasketi tulikata kwenye makasha ya karatasi ngumu, tukapaka sabuni kama ipo, na kama haipo tukapaka uji mzito wa muhogo. Msicheke. Uji wa muhogo ukikaukia pale unashika kuliko hizi gundi zenu za tyubu. Mpira wa breki ukichoka tuliugeuza nyuma mbele ukaanza maisha mapya. Hakuna kilichotupwa, na hakuna aliyetuuliza tumefanyaje, ilimradi gari limetembea.

Mzee Wambura alikuwa mfupi, mkavu, na mkali kwa namna ya upole. Hakupiga kelele. Ukiharibu, anakuuliza swali moja, kisha anakaa kimya mpaka ulijibu. Kimya kile niliogopa kuliko kofi.

Siku moja ililetwa pikapu ya bwana shamba, haina nguvu kabisa. Mzee alikuwa msibani, kwa hiyo nikaona hapa ndipo pa kuonyesha uwezo. Nikaifungua pampu. Siku mbili nzima nimeinama juu ya vispringi vidogo kama dagaa, naviosha kwa mafuta ya taa, navirudisha, gari bado linajikokota. Mzee aliporudi hakunigombeza. Akaniambia nilipeleke gari mpaka barabara kuu na kurudi. Niliporudi akazunguka gurudumu moja moja, anaweka mgongo wa mkono. La tatu akaondoa mkono haraka.

"Njoo ushike hapa."

Nikashika kwa kiganja. Nikaruka.

"Gari hii haijakosa nguvu," akasema. "Iko nazo zote. Inaburuzia breki iliyokwama."

Kisha akafungua chujio la hewa. Gari lilikuwa linalala kwenye ua wa kiwanda, na vumbi la pamba pale lilikuwa halina mwenyewe. Akatoa bonge la nyuzi nyeupe, akaniwekea mikononi. "Hii ungejaza mto ukalalia. Siku mbili unafungua pampu, Majura. Kitu inakabwa koo, wewe unaipasua tumbo."

Hapo ndipo nilipopata utaratibu wake, ambao nawapa bure. Kwanza tafuta kinacholizuia gari. Nyanyua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono, usikilize kama breki inasugua. Angalia klachi kama inateleza, maana injini inaweza kuwa inapiga kelele nyingi na gari haliendi, ukadhani ni pampu. Halafu tafuta pumzi. Chujio lioshe, bomba la hewa lichunguze kama limebonyea, na ekzosi pia, kwa sababu mawe ya barabara zetu yanaifinya kwa chini na moshi unakosa pa kutokea. Injini ni kama mtu, kama hatoi pumzi haingizi. Baada ya hapo nenda kwenye mafuta. Kuna kijitundu kwenye kifuniko cha tangi kinachoingiza hewa. Kikiziba, gari linatembea vizuri dakika kumi halafu linalegea, na mafundi wanabadilisha nozeli nne zinazonyunyiza mafuta kwa sababu ya uchafu ambao sindano ingeutoa. Pima valvu injini ikiwa baridi. Peleka nozeli zikapimwe. Angalia kama pampu inapiga kwa wakati wake au imechelewa.

Ukimaliza hayo kwa uaminifu, utashangaa. Pikapu nyingi hapo zinakuwa zimesharudia nguvu zilizotoka nazo kwao. Skrubu ya kuongeza mafuta ni ya mwisho kabisa, na ukiigusa unaigusa kama unatia chumvi kwenye mboga ya mgonjwa. Moshi mweusi haumaanishi nguvu. Ni mafuta yaliyokosa hewa, na moto wake wote unaishia kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha injini. Kiwandani walikotengeneza pampu waliifunga skrubu ile kwa waya na risasi, wakapiga muhuri, na muhuri ule walikuwa na sababu nao.

Sasa nije kwenye themostati, na hapa ndipo nawaomba muache simu.

Themostati ni kile kidubwana kinachokaa njiani mwa maji ya injini, kinafunga maji yakiwa baridi na kufungua yakipata moto. Wakati wa shida, ikikwama imefunga, injini imekwenda, na ya kubadilisha hupati. Kwa hiyo sisi mafundi wa huku tukawa tunaitoa. Kila gari. Gari linaingia kwa ajili ya taa, tunaitoa themostati. Tulikuwa tunasema nchi yenyewe ina joto, hiki cha nini. Ilikuwa kama kunawa mikono kabla ya kula. Nyinyi mmerithi, mnaitoa mpaka leo, na ukiwauliza sababu mnasema ndivyo tulivyoikuta.

Kwenye malori mengi ya zamani haikuleta balaa kubwa. Lakini zilipoanza kuingia zile pikapu za dizeli za silinda nne, Mzee Wambura alinikalisha chini. Akaniambia themostati ya injini hii ina midomo miwili. Mdomo wa juu unafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, maji yanakopozwa. Wa chini, wakati huo huo, unaziba tundu la njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Gari likiwa tupu kwenye tambarare hutaona kitu. Likilemewa mlimani, maji ya moto yanazunguka humo humo ndani, na rejeta iko pale mbele kama mgeni asiyekaribishwa.

Nilimsikiliza. Nikasema ndiyo mzee. Moyoni nikasema mzee ameanza kuzeeka.

Kiwanda kikalegea, yeye akarudi kwake Nyamuswa kwa ng'ombe na mihogo yake, mimi nikafungua gereji yangu Musoma, pale karibu na Mwisenge. Nchi nayo ikawa imefunguliwa. Ghafla vitu vikaanza kupatikana, vipuri vinaingia kutoka Sirari na Mwanza, vya kweli na vya bandia kwenye rafu moja. Kila mwenye akili ya biashara alitaka gari. Mmoja wao alikuwa Nyangeta, binti wa Mzee Wambura. Mwanamke mrefu, mwenye haraka, mama wa mtoto mmoja aitwaye Neema. Aliuza kila alichokuwa nacho akanunua pikapu iliyochoka, akawa anachukua dagaa Musoma na Guta anapeleka kwenye minada ya Butiama na Nyamuswa.

Mnadani anayefika kwanza ndiye anayeuza. Nyangeta alikuwa anafika wa tatu, wa nne.

"Kaka Majura," akaniambia, "wenzangu wananipitaga mlimani kama nimepaki. Nifanyie kitu."

"Mzee amesemaje?"

"Baba anasema nikuletee ukague breki na hewa kwanza. Mimi sina muda ya kukagua. Kesho kutwa ni mnada."

Nilikuwa na kichwa kikubwa siku zile. Nilikata muhuri wa pampu, nikaizungusha skrubu robo tatu ya mzunguko. Na nilipokuwa humo ndani, mkono wenyewe, kwa mazoea tu, ukaitoa themostati, nikaitupa kwenye kopo na wenzake. Mpya ilikuwa inauzwa duka la pili kutoka kwangu. Sikuwa na shida wala haraka. Nilikuwa na mazoea.

Gari likaruka. Nyangeta akawa anafika wa kwanza, na sifa zikanirudia. Mara mbili aliniambia likipanda mlima na mzigo mshale wa joto unasogea. Nikamwambia aongeze maji kila asubuhi. Hilo ndilo jibu nililompa mtoto wa mwalimu wangu.

Siku ya mnada mmoja wa Nyamuswa nilipanda naye, naendesha mwenyewe, kwa fahari tu, nataka watu waone. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini asubuhi hiyo jua lilitoka. Tulikuwa hatujashusha hata gunia moja alipokuja mama yake Nyangeta anakimbia, kanga imemtoka begani. Mzee alikuwa na ngiri ya siku nyingi, aliishi nayo tu. Alfajiri ile ilitoka ikakataa kurudi. Tulimkuta amelala ubavu, amekunja magoti, anatapika nyongo ya kijani kama majani mabichi. Mganga wa zahanati akamgusa kidogo akatutoa nje.

"Utumbo umenaswa," akasema. "Damu haipiti. Lazima apasuliwe leo, na si jioni. Mpelekeni Musoma sasa hivi. Kila saa mnayochelewa, kipande cha utumbo kinakufa."

Bunda ilikuwa karibu zaidi, lakini mafuriko yalikuwa yamekata daraja njia ile. Ilibaki kupita Butiama. Tukashusha dagaa wote pale pale kwenye majani, tukaweka godoro, Mzee akalazwa nyuma, Nyangeta akakaa naye amempakata kichwa, mama akabaki na mjukuu. Nikaondoka.

Njia ilikuwa tope tupu. Gia ya kwanza, gia ya pili, ya kwanza tena. Magurudumu yanakula udongo mweusi, injini inanguruma, moshi wangu mweusi nauona kwenye kioo unawafunika Mzee na binti yake. Nilikuwa naogopa kukanyaga na naogopa kutokanyaga. Kila shimo nilisikia mguno wa Mzee kupitia dirisha dogo la nyuma, ambalo halikuwa na kioo. Tulipoanza kupanda kilima, mshale wa joto ukaanza kutembea. Ukapita katikati. Ukaendelea. Nikajiambia utarudi. Nilijua hautarudi, kwa sababu maneno ya Mzee Wambura yalikuwa kichwani mwangu yote, neno kwa neno, midomo miwili na njia ya mkato, kama aliyaweka pale jana.

Katikati ya kilima mvuke ukatoka. Nikazima.

Nyangeta akaruka chini. Akachukua ndoo, akavua viatu, akashuka bondeni kwenye mji wa familia moja kutafuta maji. Tukabaki wawili. Injini inatoa sauti ile ya maji yanayogonga ndani ya chuma. Nikasimama ubavuni mwa gari, Mzee amefumba macho, jasho limejaa usoni, lakini masikio yalikuwa kazini.

"Majura."

"Naam, mzee."

"Themostati ipo?"

Vijana wangu, swali lilikuwa fupi hivyo tu. Angeuliza mtu mwingine ningesema niliitoa. Lakini ni yeye aliyenionya, na alikuwa amekwama pale kwa sababu ya kutosikia kwangu. Nilitazama uso ule nikaona aibu kubwa kuliko kilima.

"Ipo, mzee."

Akafikiri kidogo. Mtu ana utumbo unaokufa tumboni, anafikiria injini. Kisha akasema, "Basi imekwama. Imefunga. Subiri ipoe kidogo, ufungue kifuniko chake, uitoe kabisa. Afadhali njia ya mkato ibaki wazi kuliko rejeta ifungwe kabisa. Tutafika hivyo hivyo, tutaenda pole pole."

Jibu lilikuwa sahihi. Kwa gari nililomweleza mimi, lilikuwa sahihi kabisa.

Sasa nikawa nimejifunga. Nikasubiri injini ipoe. Jua linapanda. Nyangeta akarudi, maji nusu yamemwagika kifuani, akaiweka ndoo, akashika mkono wa baba yake. Nikachukua spana kumi na mbili nikaanza kufungua boliti za kifuniko cha themostati ambayo haikuwemo. Moja ilikuwa na kutu, ikanichelewesha. Mzee alikuwa anasikiliza kila mzunguko wa spana, naye alizijua boliti zile kuliko mimi. Nikafungua, nikatazama ndani. Tundu la njia ya mkato liko wazi, linanitazama. Nikagongesha spana kwenye chuma, ionekane natoa kitu.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka, mzee."

Gasketi ilikuwa imechanika. Nikakata nyingine kwenye kasha la sabuni lililokuwa chini ya kiti, naikata vibaya, nakata tena. Nikafunga, nikajaza maji, nikawasha. Nilikuwa nimefanya kazi safi ya bure kabisa, na Nyangeta akaniambia, "Asante kaka. Mungu akubariki." Neno hilo bado linaniuma.

Tukamaliza kilima. Tukateremka, mshale ukashuka kidogo, nikaanza kujidanganya. Mbele kukawa na tope jingine na mwinuko mwingine, si mrefu. Mshale ukapanda kama mtu anayekimbia. Tulipofika juu kulikuwa na mvuke mwingi kuliko mara ya kwanza.

Safari hii Mzee alikuwa anatapika tena, na midomo yake imebadilika rangi. Nyangeta alinitazama mara moja tu. Akachukua ndoo. Mji wenye maji ulikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya mtama, na nilimwona anakimbia, mwanamke mzima, anateleza, anainuka, ndoo inampiga mguuni. Alikuwa anakimbilia uongo wangu kwa mara ya pili.

Hapo nikavunjika. Nikapanda nyuma, nikapiga magoti kwenye godoro.

"Mzee, themostati haikuwemo. Niliitoa mimi, siku nilipoongeza pampu. Nilikudanganya."

Hakufumbua macho. Kile kimya chake kilikuja, na nilikisubiri kama mtu anayesubiri mti umwangukie. Kisha akasema, kwa sauti ndogo:

"Pampu uliongezaga kiasi gani?"

"Robo tatu."

"Rudisha nusu. Chukua kiatu changu."

Alikuwa amevaa makatambuga ya tairi. Akanielekeza kidogo kidogo, kati ya mguno na mguno. Nikate kipande cha ule mpira, duara, kipana kidogo kuliko tundu. Nifungue tena kifuniko. Nikipigilie kwenye tundu la njia ya mkato mpaka kibane, kisha niache njia ya rejeta wazi. Nilifanya haraka kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote. Vidole viliungua na sikuvisikia. Nikairudisha skrubu ya pampu nusu mzunguko. Nyangeta alipofika na maji, anahema, nilikuwa nafunga boliti ya mwisho.

"Ni nini tena?" akauliza.

Mzee akajibu kabla yangu. "Imechemka tu, mama. Weka maji twende."

Likaondoka gari lile bila moshi, bila kelele, bila nguvu nilizojisifia. Lilikuwa linatembea kama mzee anayekwenda kanisani. Mshale ulisimama katikati na haukusogea tena, Butiama tukaipita, Makutano tukaipita, mpaka Musoma mjini. Kwa hiyo nawaambia wenye kutaka nguvu: pikapu ile ilifika ilipopunguziwa. Ingepunguziwa asubuhi, au mdomo wangu ungesema kweli kwenye kilima cha kwanza, tungefika jua halijapinda.

Walimpasua mchana huo huo. Utumbo mrefu ulikuwa umeshakufa, wakaukata. Akaishi siku tatu. Siku ya pili nilibaki naye peke yangu wodini, Nyangeta amekwenda kuchemsha uji. Nilitaka kuomba msamaha, nikawa namrekebishia shuka. Akafungua macho akanitambua.

"Ile skrubu," akasema. "Punguza na robo ile iliyobaki. Nozeli zake zimechoka, haziwezi."

Nikasema nitapunguza. Hakuniambia kingine. Nilikwenda uani nikalia kama mtoto, na mlinzi akadhani mgonjwa wangu amekwisha.

Baada ya mazishi watu waliuliza kwa nini tulichelewa, na Nyangeta akasema gari lilichemka, kwa sababu ndivyo baba yake alivyosema. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye matanga, nikaitikia. Aliliuza gari lile kwa mtu wa Tarime bila kusubiri bei nzuri, akasema hataki kuliona, limemuulia baba. Niliitikia na hapo pia.

Kuanzia hapo nilibadilisha kazi yangu. Kila nilichokitoa kwenye gari nilimpa mwenyewe mkononi, hata kama ni takataka, na nikaandika kwa chaki ndani ya boneti nilichokigusa na kiasi nilichokizungusha. Mafundi wenzangu walinicheka, wakaniita karani. Fanyeni hivyo. Fundi atakayelifungua gari hilo baada yako anatibu kwa maelezo yako, na akikuuliza, mjibu ulichokifanya, hata kama anayeuliza ndiye uliyemkaidi. Hasa kama ni huyo.

Lakini kubadilisha kazi si kusema kweli kwa anayehusika. Hilo liliningoja miaka yote hii. Mwaka huu magoti yalipozidi nikaona nikichelewa tena nitakuwa nimechelewa moja kwa moja. Nikapanda bodaboda mpaka Mwisenge anakoishi sasa Nyangeta, bibi mwenye mvi, ana duka dogo la nafaka. Alinipokea vizuri sana. Akanipa kiti na chai, akakaa na ungo wa mchele anachagua mawe. Nikamweleza yote, tangu themostati mpaka spana niliyoigongesha kwenye chuma.

Nilipomaliza akatoa mawe mawili kwenye ungo, akayaweka kando.

"Nilipokwenda maji mara ya kwanza," akasema, "ulikuwa unajua shida ni nini?"

"Nilikuwa najua."

"Na mara ya pili?"

"Nilikuwa najua, Mama Neema."

"Katikati hapo palipita muda gani?"

Nikasema kama saa nzima. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Daktari aliniambiaga mngewahi hata saa moja," akasema. "Mimi nikawa naichukia gari. Miaka yote nachukia gari."

Nikamwomba anisamehe. Akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Hiyo usiniombe leo. Wewe nenda kawaambie hao vijana wanaoshikaga spana. Waambie kama ulivyoniambia, na jina la baba ulitaje."

Nikaweka kikombe chini, chai ilikuwa bado nusu. Huku kwetu mgeni husindikizwa, hata akiwa wa kawaida, angalau mpaka barabarani. Nilisimama kidogo mlangoni nikiweka sawa kofia yangu, kisha nikatoka. Nyuma yangu nilisikia mchele ukipepetwa, na hakunisindikiza.